Nagana si uchawi: siri ya moyo wa maksai

Ndugu wasomaji, mazungumzo haya niliyasoma redioni juma lililopita. Wako waliokatiwa umeme katikati, na wako waliokuwa ndani ya daladala, kelele tupu. Kwa ajili yao nayaleta tena hapa kwa maandishi, kama ilivyo desturi ya safu hii.

Leo nataka tuzungumze juu ya kifo cha maksai mmoja. Najua msomaji wa mjini atauliza: maksai wa shamba ananihusu nini mimi ninayenunua nyama nusu kilo buchani? Nakuomba uvute subira. Kifo cha maksai huyo kilitaka kuondoka na roho ya binadamu, na dawa ya kumwokoa binadamu huyo haikuwa panga wala hirizi, bali kioo kidogo chenye tone la damu.

Baba yangu mdogo anaishi Puge, Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Ni mkulima wa mpunga na karanga, na utajiri wake mkubwa ulikuwa maksai wawili wa kukokota plau. Kiangazi kilipokaza, majani yakaisha kijijini, akawapeleka maksai hao pamoja na ng'ombe wa majirani kwenye malisho ya msituni, upande wa magharibi. Walirudi mvua za kwanza zilipoanza mwezi Novemba. Walikuwa wamekonda kidogo, lakini nani hakonda kiangazi? Akawafunga nira. Asubuhi ya siku ya tatu, katikati ya shamba, maksai wa kulia alisimama, akapiga magoti, akaanguka. Hakuamka tena.

Alfajiri ya siku hiyo, jirani yake, bibi mmoja mjane, alipita njiani akielekea kisimani. Alisalimia, "Mwangaluka," kisha akasema maksai wale wamependeza. Maneno hayo mawili matatu yalitosha. Kabla ya jioni, vijana walikuwa wanasema bibi amemtupia jicho maksai. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Tabora, Shinyanga na Mwanza neno kama hilo linaweza kuishia wapi. Akina mama wazee wameuawa katika mikoa yetu kwa sababu tu macho yao ni mekundu, nasi sote tunajua kwamba macho ya mtu aliyepika kwa kuni miaka sitini hayawezi kuwa meupe.

Baba mdogo alinipigia simu usiku. Hakuwa ameamini yale maneno, lakini hakuwa na la kujibu. "Mwanangu," aliniuliza, "ng'ombe mzima anaangukaje ghafla namna hii? Bwana mifugo anasema huenda ni nagana. Nagana ninaijua mimi. Nagana humkondesha ng'ombe polepole mpaka abaki mifupa. Huyu amekufa kama aliyepigwa na radi. Nagana na moyo, wapi na wapi?"

Swali hilo ndilo lililonitoa usingizi. Nikaamua kulitafutia jibu, na jibu lake ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze na njia. Mtu akitaja Tabora, haraka tunakumbuka misafara: pembe za ndovu, vitambaa, shanga, na watumwa waliosukumwa kutoka hapa kwenda Bagamoyo. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na mwaka uliofuata Speke akaelekea kaskazini hadi Mwanza, ambako aliliona ziwa mwezi Agosti 1858. Mizigo yote hiyo ilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alijulikana pwani na bara kwa kazi yake, na mzigo wake wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini ubebwe na mtu? Ulaya walikuwa na magari ya farasi. Kusini mwa Afrika Makaburu walikuwa na magari ya ng'ombe. Jangwani kulikuwa na ngamia. Hapa kwetu walijaribu. Punda walikuwako, lakini wengi walifia njiani. Mwaka 1871 Stanley alitoka pwani akiwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, hata hawakuiona Tabora. Wamisionari wa London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani miaka ya 1876 na 1877, na ng'ombe wakaisha kwa kufa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta hata tembo wanne wa Kihindi, wakateremshwa Msasani, wapelekwe Ziwa Tanganyika. Nao walikufa mmoja baada ya mwingine.

Si wanyama hao wote waliouawa na ugonjwa mmoja. Lakini sababu kubwa mojawapo iliyofanya njia ile iwe ya mabega ya watu ilikuwa mdudu anayeruka, mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita, pamoja na kimelea anachokibeba. Mbung'o aliyafanya mapori ya miombo kuwa ukuta usiopitika kwa farasi na ng'ombe. Kijidudu kisichoonekana kwa macho kilisaidia kuamua nani atabeba mzigo. Ndiyo maana nasema jambo hili si la Puge peke yake.

Kimelea chenyewe kilionwa na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, mwaka 1895 huko Zululand, alipoichunguza damu ya ng'ombe wagonjwa kwa hadubini. Aliona vitu vyembamba kama visamaki vikijipindapinda kati ya chembe nyekundu za damu. Jamii hiyo ya vimelea huitwa tripanosoma, na aina moja ikapewa jina lake, Trypanosoma brucei. Mwaka 1903 Aldo Castellani, akiwa Entebbe, Uganda, aliviona vimelea vya jamii hiyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa nagana ya ng'ombe na malale ya binadamu ni ndugu wa ukoo mmoja. Watu wa magharibi ya nchi yetu walilipa gharama ya ujuzi huo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha wengi kutoka vijiji vilivyotawanyika misituni na kuwakusanya mahali pamoja, ili miti ifyekwe na mbung'o akose kivuli.

Kwa ng'ombe, wauaji wakubwa ni ndugu wawili wa kimelea hicho: Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax. Trypanosoma brucei huwaumiza zaidi farasi, punda na mbwa, na aina yake moja ndiyo inayoleta malale kwa watu wa Afrika Mashariki. Tafadhali shika majina hayo matatu, maana tutayahitaji mbele.

Sasa twende maabara. Kwa miaka zaidi ya mia moja, wataalamu waliiona tripanosoma kama mtu anayetazama kitabu kilichofungwa. Walijua rangi ya jalada, walijua unene wake, lakini hawakuweza kusoma ndani. Kitabu hicho ni DNA, yaani vinasaba, maagizo ya urithi yaliyomo katika kila kiumbe. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, zinazorudiwa kwa mpangilio tofauti mamilioni ya mara. Mpangilio wake ndio unaoamua kiumbe kitengeneze protini gani, kama vile mpangilio wa herufi unavyotofautisha "kalamu" na "karamu".

Huwezi kukisoma kitabu hicho mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mashine husoma vipande vifupi. Namna ya kufanya ni hii. Chukua nakala mia moja za gazeti hili hili. Zichane zote ovyo, kila moja kwa namna yake, kisha changanya vipande. Kipande kimoja kina maneno "maksai alisimama, akapiga", na kingine kina "akapiga magoti, akaanguka". Neno "akapiga" limo katika vyote viwili, basi unaviunganisha. Ukiwa na subira, na kompyuta ya kukusaidia, utalipata gazeti zima. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyousoma mpangilio wa vinasaba.

Kazi hiyo kwa Trypanosoma brucei ilikamilika na kutangazwa mwezi Julai 2005, ikiongozwa na maabara za Uingereza na Marekani pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujua kwamba kimelea kilichosomwa ni cha kwetu. Kilitolewa katika mbung'o aliyekamatwa Kiboko, Kenya, mwaka 1970, kikahifadhiwa na lile shirika la utafiti wa tripanosoma la Afrika Mashariki lililokuwa Tororo, Uganda. Kizazi chake ndicho kilichosafiri hadi maabara za ng'ambo. Ilionekana kwamba kina herufi zipatazo milioni 26, zilizopangwa katika kromosomu kubwa 11, na jeni zaidi ya 9,000.

Jambo la kwanza lililoeleweka vizuri zaidi ni ujanja wake wa mavazi. Tripanosoma huvaa koti la protini mwili mzima. Kinga ya mwili wa ng'ombe ikilizoea koti hilo na kuanza kuwashambulia wanaolivaa, wachache miongoni mwao huwa wamekwisha kubadili koti. Hao hubaki, huzaana, na vita vinaanza upya. Ndiyo sababu homa ya nagana hupanda na kushuka, na ndiyo sababu hadi leo hakuna chanjo. Kitabu kiliposomwa, zilikutwa jeni za makoti zaidi ya 800, na nyingi mno ni mbovu, hazifai kuvaliwa zilivyo. Lakini kimelea hakizitupi. Hufanya kama fundi cherehani wa mitumba: hukata mkono wa shati hili, kola ya lile, na kushona vazi jipya ambalo askari wa mwili hawajapata kuliona.

Jambo la pili linahusu dawa. Dawa ya diminazeni, ambayo wafugaji wengi wanaijua kwa jina la Berenil, imetumika tangu miaka ya 1950. Katika Trypanosoma brucei, dawa hiyo huingia ndani ya kimelea kwa kupitia mlango maalumu, na mlango huo hutengenezwa kwa maagizo ya jeni moja. Herufi chache za jeni hiyo zikibadilika, mlango hufungwa na dawa hubaki nje. Kwa hiyo mfugaji anapopunguza kipimo ili chupa moja iwatoshe ng'ombe wengi, vimelea dhaifu hufa, lakini vile vyenye uwezo wa kuvumilia dawa hubaki na kuzaana. Anadhani anabana matumizi, kumbe analea sugu.

Bado hatujamjibu baba mdogo. Nagana na moyo, wapi na wapi?

Hebu tuangalie moyo unavyofanya kazi. Moyo ni msuli. Kila seli ya msuli huo ina ghala ndani yake, na ghala hilo limejaa kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika mifupa na maziwa. Umeme mdogo wa mwili unapopita, milango ya ghala hufunguka, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na nyuzi za msuli hujikunja. Hilo ndilo pigo la moyo. Kisha pampu ndogo ndogo huirudisha kalsiamu ghalani, nyuzi zinalegea, moyo unajaa damu, tayari kwa pigo lingine. Kufungua na kufunga, kumwaga na kuzoa, bila kupumzika tangu tumboni mwa mama hadi kaburini. Mambo yote ni zamu. Mlango ukifunguka kabla ya zamu yake, pigo huja mahali pasipo pake, na moyo hupoteza mwendo, kama wapiga ngoma ambao mmoja wao amelewa.

Waganga wa mifugo walijua zamani kwamba mnyama aliyekufa kwa nagana aghalabu huwa na moyo uliolegea, na pengine maji katika mfuko unaouzunguka. Madaktari wa binadamu nao walijua kwamba malale ya Afrika Mashariki huushambulia moyo. Lakini ilidhaniwa kuwa kosa ni la vita vyenyewe: kinga ya mwili inapigana na kimelea, na msuli wa moyo unaumia katikati, kama nyasi fahali wawili wanapopigana.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, walitangaza jambo jipya. Walichukua seli za moyo wa panya zikiwa hai, wakazitenganisha moja moja, wakaziweka pamoja na tripanosoma, na tena wakaziweka katika majimaji ambamo tripanosoma zilikuwa zimekuzwa kisha zikaondolewa. Hapakuwa na kinga ya mwili hapo, wala damu. Hata hivyo, milango ya ghala ilianza kufunguka bila zamu. Kalsiamu ilitoka kwa mawimbi yasiyotakiwa. Walipojaribu kwa moyo mzima wa panya, mapigo yalikwenda mrama.

Basi kuna kitu ambacho kimelea hukitoa na kukiacha katika majimaji. Watafiti walikifuatilia mpaka wakamkamata mhalifu: kimeng'enya kiitwacho kathepsini L, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Walipokizuia kwa kemikali maalumu, vurugu za kalsiamu zilipungua. Ndipo ikajulikana kwamba tripanosoma yaweza kuusumbua moyo yenyewe, moja kwa moja, bila kusubiri vita vya kinga ya mwili. Na hapa mnaona faida ya kusoma kitabu cha vinasaba: kila kimeng'enya kina ukurasa wake, na mtaalamu akiujua ukurasa anajua amtafute nani.

Sitaki kuwadanganya. Panya si maksai, na kimelea cha jaribio lile ni Trypanosoma brucei, si wale wawili wanaowaua ng'ombe wengi zaidi. Lakini Trypanosoma congolense nacho kina kimeng'enya cha ukoo huo huo, na katika miaka ya 1990 watafiti wa maabara ya ILRAD jijini Nairobi, ambayo siku hizi ni sehemu ya taasisi ya ILRI, waliona jambo la kufikirisha. Ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi, ambao kwa kuzaliwa huivumilia nagana, hutoa kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kimeng'enya hicho kuliko ng'ombe wa Boran, ambao huangamia. Bado kuna hatua kati ya hapo na moyo wa maksai wa Puge, lakini njia inaonekana.

Sasa unganisha mambo yote. Nagana hula chembe nyekundu, na damu inakuwa nyepesi. Damu nyepesi hubeba hewa kidogo, kwa hiyo moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili mwili upate kiasi kile kile. Msuli wenyewe umevimba na kuchoka, na mwendo wa mapigo umeanza kuyumba. Mnyama akiwa amelala kivulini anaonekana mzima, kakonda tu. Mfunge nira, mtie kwenye udongo mzito, jua la saa nne limpige. Moyo unadaiwa deni usiloweza kulilipa. Hivyo ndivyo mnyama mwenye ugonjwa wa polepole anavyoweza kufa kwa ghafla.

Narudi Puge. Bwana mifugo aliyeitwa alimpasua maksai yule mbele ya wazee. Moyo ulikuwa umelegea kama ndizi iliyoiva mno, na mfuko wake ulikuwa na maji ya rangi ya njano. Lakini hakuishia hapo, na kwa hilo nampongeza. Aliwaambia wazee kwamba maji ya namna ile yanaweza pia kuletwa na ugonjwa wa maji moyo, ambao huletwa na kupe, na kwamba iko mimea ya sumu inayosimamisha moyo wa ng'ombe ghafla. Macho peke yake hayatoshi. Akachukua damu kutoka mshipa wa sikio la maksai wa pili na wa ng'ombe kadhaa waliokuwa msituni pamoja naye. Akaizungusha katika mirija myembamba ili chembe nyekundu zikae chini, apate kupima wingi wake. Kwa ng'ombe, zikiwa chini ya robo ya damu yote ni dalili ya upungufu. Maksai wa pili alikuwa chini kabisa. Kisha akaweka tone kwenye kioo, akaisimamisha hadubini yake dirishani, kioo chake kikielekea jua.

Wazee walipanga mstari. Mmoja mmoja waliinama, wakafumba jicho moja, wakatazama. Viko pale, vyembamba, vinajipinda na kuzisukuma chembe za damu huku na huku. Vijana waliopiga kelele nao walitazama. Mwisho bibi mjane akaomba naye aone. Alitazama kwa muda mrefu. Aliponyanyuka alisema, "Kumbe ndiye huyu," akachukua ndoo yake, akaenda zake. Hakuna aliyemfuata.

Maksai wa pili alidungwa sindano kwa kipimo cha uzito wake, akapumzishwa, na hakufungwa nira msimu ule. Baba mdogo alilima kwa jembe la mkono. Mavuno yalikuwa haba, lakini kijiji hakikuzika mtu.

Ndugu zangu, elimu hii yote itakuwa na maana gani ikibaki katika vitabu vya Glasgow na Nairobi? Yapo matumaini makubwa. Kisiwa cha Unguja kilisafishwa mbung'o kabisa kufikia mwaka 1997, baada ya madume zaidi ya milioni 8 waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa katika maabara ya Tanga, kumwagwa kwa ndege. Mwaka 2014 vinasaba vya mbung'o wenyewe vilisomwa. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walitumia kitabu cha vinasaba cha Trypanosoma vivax kutafuta protini isiyobadilika mavazi, wakaipata moja iliyowakinga panya. Na kwa wagonjwa wa malale ya Afrika Mashariki, vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa Malawi na Uganda, vilipata idhini ya wakala wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa 2023. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyefikwa na ugonjwa ubongoni alitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki.

Lakini kati ya maabara na zizi kuna mtu mmoja, naye ni bwana mifugo mwenye hadubini. Huyo ndiye daraja. Maswali yangu kwa wakubwa wetu ni mepesi. Ni kata ngapi zenye ng'ombe maelfu ambazo hazina hata hadubini moja? Ni mabwana mifugo wangapi wanaokwenda vijijini na sindano mkononi bila kioo cha kupimia, wakidunga kwa kubahatisha? Hadubini ya kioo cha jua haihitaji umeme wala intaneti. Inahitaji mtu aliyefundishwa na mafuta ya pikipiki.

Nawe mfugaji, usiifanye diminazeni kuwa maji ya kunyunyiza. Pima kwanza. Dunga kwa uzito wa mnyama, si kwa uzito wa mfuko wako. Nunua dawa mahali panapojulikana. Ng'ombe wakirudi kutoka msituni, wapimwe damu kabla ya kufungwa nira, hata kama wanaonekana wazima. Maksai anayesimama kila baada ya mistari miwili, anayehema wakati wenzake wametulia, si mvivu. Huenda moyo wake unaomba msaada.

Nawe msomaji wa mjini, unayeletewa habari za kijijini kwenu kwa simu, nakuomba jambo moja. Siku utakapoambiwa kwamba ng'ombe wa baba amekufa na "anajulikana aliyemloga", usikae kimya, wala usitume nauli ya mganga. Tuma nauli ya bwana mifugo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutouliza kunaweza kuwa damu ya mtu.

Wale wapagazi waliopita njia ya Tabora na frasila mbili begani hawakujua ni nani aliyewatwika. Sisi tunamjua, tumemsoma hadi herufi. Ikiwa bado tunamtafuta mchawi, basi mzigo huo tumejitwika wenyewe.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.